Mchapaji Si Mchapishaji

Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo sisi wenyewe tumeyachanganya. Mchapaji ni mwenye mashine: unampelekea faili, anakurudishia katoni. Mchapishaji ni mwenye dhamana: anausoma muswada, anaukataa au anaukubali, anaurudisha kwa mwandishi mara tatu, anamlipa msanifu wa jalada, anatafuta namba ya ISBN, anavizungusha vitabu mikoani na anabaki na hasara vikidoda. Huku kwetu, kuanzia Kinondoni mpaka Mbagala Rangi Tatu, mwandishi kijana akisema "nimechapisha kitabu", mara nyingi ana maana kwamba amechapa. Kazi nyingine zote hazijafanyika, au amezifanya mwenyewe usiku, baada ya kutoka kwenye shughuli inayomlipia kodi ya nyumba.

Nasoma shahada ya uzamili ya fasihi ya Kiswahili, na kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikikusanya vitabu vya namna hiyo. Vinajaa katoni moja na nusu. Vingine nimevipata kwa waandishi wenyewe, vingine steshenari za Tandika, vingine kwenye meza za vitabu chakavu Posta, vingine mabanda ya Sabasaba, barabara ya Kilwa. Niliposema chuoni kwamba nataka kuviandikia tasnifu, mwalimu mmoja aliniuliza kwa upole, "Sawa, lakini vimepitia wapi?"

Ni swali zuri kuliko alivyokusudia. Alitaka kusema havijapitia kwa mhariri wala kampuni inayojulikana, kwa hiyo havistahili uhakiki. Mimi nimelichukua kama swali halisi. Kitabu kilichochapwa kwa fedha ya mwandishi kinapita wapi kabla ya kumfikia msomaji, na njia hiyo inakiachia alama gani?

Kwanza tuliondoe wazo kwamba kujichapishia ni ujanja wa kizazi cha simu. Shaaban Robert mwenyewe alifanya hivyo. Mtu ambaye Kusadikika yake ilitolewa na Nelson wa Uingereza, na vitabu vyake vingine vilitoka Chuo Kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg, alikuja kuanzisha kampuni yake mwenyewe Tanga, akaiita Art and Literature. Almasi za Afrika ya mwaka 1960 ilitoka humo. Alifariki mwaka 1962. Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge, ambazo TUKI ilizitoa mwaka 2002 chini ya uhariri wa M. M. Mulokozi, zinatukutanisha na Shaaban tusiyemzoea darasani: mtumishi wa serikali mwenye familia, anayeandika huku ana kazi nyingine. Wengi wa waandishi ninaowasoma wangejiona humo.

Baada yake akaja Ben Mtobwa, aliyetupa mpelelezi Joram Kiango. Hakuishia kuandika, bali alianzisha Heko Publishers. Wapo waliozibeza riwaya za upelelezi za wakati ule kama vitabu vya kupotezea muda stendi. Lakini Heko hiyohiyo ndiyo iliyotoa Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo. Kizazi changu kiliisoma riwaya hiyo sekondari, na tunawakumbuka Peter na Zita kama tulivyokuwa tukiwakumbuka majirani. Yaani kampuni ya mtunzi wa "riwaya pendwa" ndiyo iliyokuja kulipa darasa mojawapo ya vitabu vyake teule. Wanaotaka kuuliza vitabu vimepitia wapi waanzie hapo.

Mifano haiishii kwa wanaume wa upelelezi. Elieshi Lema na Demere Kitunga walianzisha E&D, na riwaya ya Lema, Parched Earth, ilitoka humo mwaka 2001. Kutokana na juhudi hizo Kinondoni ikapata Soma, mkahawa wa vitabu wa Regent Estate, mahali ambapo kijana anaweza kukaa na kitabu na mwenye kitabu. Nairobi, David Maillu alianzisha Comb Books miaka ya 1970, akaandika na kuuza vitabu vyembamba vilivyosomwa mno, na vilivyopigwa marufuku hapa Tanzania. Eric Shigongo naye alipita njia nyingine: alikuwa na magazeti, Uwazi, Ijumaa, Risasi, akazitoa hadithi zake humo sehemu kwa sehemu. Hakuhitaji kutafuta duka la vitabu, kwa sababu muuza magazeti alikuwa kila kona.

Hapa nataka nimkumbushe msomaji mzaha unaorudiwa kila semina: ukitaka kumficha Mtanzania kitu, kiweke kwenye kitabu. Mzaha huu unatusaidia kukwepa kazi. Watu walionunua gazeti ili kujua kilichompata mhusika wiki iliyopita walikuwa Watanzania, na walisoma wamesimama ndani ya daladala. Walichokuwa nacho ambacho msomaji wa leo wa Mbagala hana ni mahali pa kununua, karibu, kwa bei ya chenji.

Ukiwaweka hao wote pamoja utaona jambo moja. Hakuna aliyebaki mwandishi tu. Kila mmoja alijenga, au alijaribu kujenga, njia ambayo hata vitabu vya wengine vingeweza kupita. Walikuwa wachapishaji kwa maana kamili ya neno. Mwandishi huru wa leo anashauriwa kinyume chake. Anaambiwa ajichapishie kimoja, ajitangaze mwenyewe, auze mwenyewe. Anaitwa huru, na uhuru wenyewe ni wa kubeba katoni peke yake.

Kwa nini basi asipeleke muswada kwa kampuni? Wengi wamepeleka. Tatizo ni kwamba kampuni zetu za vitabu, tangu soko la vitabu vya shule lilipofunguliwa mwaka 1991, ziliishi kwa vitabu vya kiada. Riwaya ilikuwa abiria, dereva alikuwa hisabati ya darasa la tano. Mwaka 2013 kamati ya kuidhinisha vitabu, EMAC, ilivunjwa baada ya kelele za bungeni kuhusu makosa ndani ya vitabu vya shule, na kazi ya vitabu vya kiada ikarudi serikalini, kwa Taasisi ya Elimu. Sitetei vitabu vilivyokuwa na makosa. Nasema tu kwamba gari lilipoondolewa, abiria naye alibaki kituoni. Mchapishaji ambaye hana tena kitabu cha kiada cha kumlipia gharama hawezi kubahatisha na riwaya ya mtu wa Chanika asiyejulikana. Anachoweza ni kumwambia achangie gharama, na akishachangia, tumerudi kwa mchapaji.

Sasa tufanye hesabu ambayo mwandishi huru huifanya nyuma ya daftari. Tuseme ana nakala 300, na gharama zote, kuanzia kupanga kurasa hadi jalada na kuchapa, zimefika shilingi 1,800,000. Kila nakala imemgharimu 6,000. Anaiuza 10,000. Akiipeleka dukani, na duka likachukua asilimia 40, anabaki na 6,000 ileile, tena atalipwa kitabu kikishauzwa. Akiuza mwenyewe anapata faida ya 4,000, mpaka mteja aseme yuko Tegeta na yeye yuko Mbagala. Nauli ya bodaboda kutoka Mbagala mpaka Tegeta inaila faida yote na kung'ata mtaji. Maduka ya vitabu yenye rafu za riwaya yako Posta, Mikocheni, Masaki. Ukielekea Temeke, unachokutana nacho zaidi ni steshenari zenye madaftari, karatasi za mitihani iliyopita na vitabu vya dini. Umbali ndiyo gharama ambayo hakuna anayekuandikia kwenye ankara.

Fedha ya kuanzia inatoka wapi? Namfahamu dada mmoja wa Mbagala, mshonaji, aliyekopa kwenye kikoba. Ili arudishe mtaji tu, kabla ya riba, ilimpasa auze nakala 180 mkono kwa mkono. Hao watu 180 ni akina nani? Ni wanakwaya wenzake, wateja wa cherehani, shangazi, waliosoma naye, wanakikoba wenyewe. Nililiita soko hilo, kwenye madaftari yangu, soko la nyuso: kila mnunuzi anaujua uso wa mwandishi kabla ya kulijua jina la mhusika. Mia na themanini wakiisha, soko limeisha, na katoni iliyobaki inaingia uvunguni.

Hadi hapa nimezungumzia biashara. Lakini mimi ni mwanafunzi wa fasihi, na kinachonishughulisha zaidi ni kwamba soko la nyuso linaingia ndani ya maandishi. Kisome kitabu cha mkononi kuanzia jalada. Nyuma kuna picha ya mwandishi amevaa suti au kitenge, na chini yake namba ya simu. Msomi atacheka namba hiyo. Mimi naiona kuwa sehemu ya kitabu yenye ukweli kuliko zote: inakuambia kwamba duka, kampuni na mtunzi ni mtu mmoja, na kwamba ukimaliza kusoma usiku unaweza kumpigia. Fungua ndani. Shukrani zina kurasa tatu, na majina yote ya waliochangia. Kwenye ukurasa wa hakimiliki hakuna jina la mhariri. Mara nyingine hakuna ISBN, zile tarakimu ambazo kwa Tanzania hubeba namba kama 9976 au 9987 na hutolewa na Maktaba ya Taifa.

Kisha hadithi yenyewe. Katika vingi nilivyosoma, mama ni mwema, mchungaji au shehe ni mwema, mjomba tajiri anaweza kukosea lakini atatubu. Mwovu huwa mtu aliyetoka nje ya mtaa. Mwisho unafunga kila mlango na kutoa funzo. Nilidhani mwanzoni ni athari ya shule, ambako tumefundishwa kuuliza "mwandishi anatufunza nini?" Athari hiyo ipo. Lakini kuna sababu iliyo karibu zaidi. Ukijua kwamba wasomaji wako 180 wa kwanza ni shangazi zako, unaweza kweli kumwandika shangazi? Riwaya huishi kwa uwezo wa kumwaibisha mtu kidogo. Anayeuza kwa anaowafahamu, na kwa mkopo waliomdhamini wao, uwezo huo ameuweka rehani pamoja na cherehani.

Upande wa pili kuna hadithi ya simu, na sheria zake ni kinyume kabisa. Hapa msomaji hakufahamu. Anakutana nawe Facebook au kwenye kundi la WhatsApp, anasoma sehemu za mwanzo bure, na ukifika penye utamu unaambiwa: anayetaka zote atume buku kwenye namba hii. Buku, kwa Kiswahili cha mjini, ni shilingi elfu moja, na wanafunzi tunasema "kupiga buku" kwa maana ya kusoma sana. Kwa mara ya kwanza neno na bei vimekutana. Mtindo wa magazeti ya Shigongo haukufa, ulihamia kwenye bando. Na bei ya chenji imerudi.

Hadithi ya simu haimwogopi shangazi. Ina tamaa, ina usaliti, ina nyumba za kupanga Manzese ambazo kuta zake zinasikia, na ina lugha ambayo vitabu vya mkononi vinaiogopa. Nimekuta mazungumzo ya makonda na abiria yaliyoandikwa kwa sikio kali. Udhaifu wake uko mahali pengine. Kila sehemu lazima imalizike kwa mlango kugongwa, bastola kutolewa au simu kuita, kwa hiyo baada ya sehemu kumi mlango haugongwi tena, unasikika tu. Wahusika hawapati muda wa kufikiri, kwa sababu kufikiri hakumfanyi mtu atume buku. Tena ikishalipiwa mara moja, inasambazwa. Pidiefu moja inatua kwenye makundi ishirini kabla ya mwandishi kuamka. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 tunayo na COSOTA ipo, lakini kumfuatilia mtu asiye na jina, kwa kitabu cha shilingi elfu moja, kunagharimu zaidi ya kitabu chenyewe.

Kwa hiyo tuna maandishi ya aina mbili, na kila moja lina nusu ya kile ambacho lingine limekosa. Kitabu cha mkononi kina umbo na kimya, hakina ujasiri. Hadithi ya simu ina ujasiri na sikio, haina umbo. Kinachoweza kuziunganisha nusu hizo ni mtu anayesimama kati ya mwandishi na mnunuzi, asiye shangazi wala mteja, mwenye haki ya kusema "sura hii haifanyi kazi." Mtu huyo ni mhariri kabla ya kuchapa, na mhakiki baada yake. Wote wawili hawapo.

Yule dada mshonaji nilimrudishia kitabu chake nikiwa nimekipigia mistari kwa penseli. Nilimweleza kwamba sura mbili za mwanzo ni nzuri, na kwamba kuanzia mahali mume anaporudi kutoka mgodini, mhusika mkuu anaacha kuwa mtu na kuwa mahubiri. Alinyamaza. Halafu akasema, "Mdogo wangu, watu wote wameniambia hongera. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia umesoma."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonishawishi niandike makala hii. Kujitangaza, kama tunavyokufanya, ni kazi ya kukusanya hongera. Mwandishi anaweka picha za wasomaji wameshika kitabu, wasomaji wanaweka makopa, na baada ya mwezi kila mtu amepongezwa na hakuna aliyesomwa. Kukosoa kunaonekana wivu, kwa sababu ukikosoa unamharibia mtu rejesho la kikoba. Naelewa. Lakini hongera ina gharama, na anayeilipa ni kitabu cha pili. Wengi niliowafuatilia hawakuandika cha pili, au walikiandika kwa makosa yaleyale.

Tuzo zinasaidia, na sitaki kuzibeza. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, imetuletea riwaya kama Mmeza Fupa ya Ali Hilal Ali na Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, chini ya Taasisi ya Elimu, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Faida yao kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba muswada unasomwa na wageni, hata kuliko fedha zenyewe. Lakini tuzo huchagua wachache kila mwaka. Haiwezi kuwa mhariri wa mji mzima.

Wapo waliokwisha kuanza kujibu kwa namna nyingine. Waandishi wa riwaya waliojikusanya ndani ya UWARIDI, akiwamo Hussein Tuwa, wameonyesha kwamba kujichapishia hakulazimu upweke: wanasomana, wanauza kwenye meza moja, mwenye jina anamvuta asiye na jina. Hiyo ni Heko bila ofisi. Meza kama hiyo ingewekwa Tandika, Mbagala na Gongo la Mboto, hata kwenye steshenari iliyokubali rafu moja tu, hesabu ya bodaboda ingebadilika.

Ninachowadai wenzangu wa fasihi ni kidogo na hakihitaji bajeti. Tuvisome. Tuviandikie, kwa majina, tukisema kilicho kizuri na kilicho kibovu, kama tunavyomwandikia Kezilahabi. Na tusimsifu mtu kwa ujasiri wa kukopa. Tuchukulie sentensi zake kwa uzito, hiyo ndiyo heshima anayoistahili. Mwandishi akikuomba msaada wa kutangaza, mwombe kwanza muswada kabla haujaenda kwa mchapaji.

Kuna sababu ya kufanya hivi sasa. Riwaya nyingi nyembamba za miaka ya 1970 na 1980 leo ni taabu kuzipata Dar es Salaam, na anayezitafiti anaweza kujikuta anaandikia barua maktaba za ng'ambo, kama Maktaba ya Jahn kule Mainz, Ujerumani, inayokusanya fasihi ya Afrika. Vitabu vilivyoko uvunguni mwa Temeke havina hata bahati hiyo. Vingi havikufika Maktaba ya Taifa pale Bibi Titi, ingawa ISBN huombwa hukohuko. Mwandishi akihama nyumba, katoni inaachwa. Panya na mvua za masika havina subira ya kungoja tuamue kama ni fasihi.

Kwa hiyo katika tasnifu yangu orodha ya vitabu itakuwa na safu moja zaidi ya zile tulizozoea. Baada ya jina la mwandishi, mwaka na mji, nitaandika kila kimoja kimepitia wapi: kikoba gani cha aina gani, mashine ya mtaa upi, mikono ya akina nani. Pale penye nafasi ya mchapishaji nitaandika jina la mwandishi mara ya pili, ili anayesoma aone kazi mbili zilizofanywa na mtu mmoja, na aulize ya pili ilifanyikaje.